Umepata leseni ya bastola? Basi ifiche

Nilipoandika wiki jana kwamba leseni yangu imeongezwa kwa mwaka mwingine, pongezi zilimiminika, na nawashukuru nyote. Lakini ujumbe mmoja umeninyima raha. Umetoka kwa kijana anayeuza simu kwa jumla Eastleigh, ambaye cheti chake kimetoka juzi tu. Ananiuliza: "Ami, kwa nini tuifiche bastola? Nikiivaa nje ya shati mwizi akaiona, si atatafuta mtu mwingine? Binamu yangu yuko Houston, Texas, anasema huko watu wanaingia nazo dukani mchana kweupe na hakuna anayewauliza."

Mwanangu, ifiche. Sababu ninazo, na nyingine zimenigharimu heshima ndani ya familia yangu mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Pumwani. Nina duka la spea Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. M-Pesa imetupunguzia noti, ila mafundi wa gereji bado wanakuja na pesa mkononi, na jioni mwenye duka anajulikana kuwa ana mauzo. Nilianza kutafuta leseni baada ya kuvamiwa tukifunga. Walichukua pesa, hilo nimeshasamehe. Lakini kijana wangu wa kazi walimpiga kitako cha bastola usoni ilhali alikuwa amekwisha kulala chini kama walivyomwamrisha, na mpaka leo jicho lake la kushoto haliko sawa. Hilo sijasamehe.

Habari za fomu, alama za vidole, cheti cha mwenendo mwema na mahojiano sitaziingia, wenzangu mnazijua. Nilipata bastola, nikafundishwa kuitumia, na nikajiambia kwamba sasa hakuna atakayemgusa mtu wangu.

Ndipo ikafika jioni ya Jogoo Road. Nilikuwa na binti yangu garini, foleni haisogei, kioo chake kiko wazi kwa sababu ya joto. Pikipiki ikasimama upande wake. Kijana aliyekaa nyuma akanyoosha mkono ndani, na mkononi mwake mlikuwa na mguu wa kuku uliochubuka rangi mpaka chuma kinang'aa. Mdomo wa ile bastola ulikuwa karibu na shavu la mwanangu kiasi kwamba asingeweza kugeuza shingo bila kuugusa. Akataka simu na pochi. Nikampa za kwangu, binti akampa yake. Akasema "asante mzee", nayo pikipiki ikapenya katikati ya magari.

Bastola yangu ilikuwa kiunoni, chini ya shati, na haikutoka. Nawaambia kwa fahari kwamba haikutoka. Kijana yule alikuwa ameshalenga, mimi nimefungwa mkanda wa gari, na kati yetu ameketi mwanangu. Sasa jiulize, kama ningekuwa nimeivaa wazi akaiona pale nilipoinama kutoa pochi, angesema asante? Angepiga kwanza, kisha angeichukua.

Jumapili iliyofuata, shemeji yangu alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi langu, akala pilau yangu, na mbele ya watoto wangu akaniita mwoga. "Chuma unacho halafu unampa mwizi simu?" Watoto waliniangalia. Nilinyamaza kwa heshima ya dada yake, ambaye ni mke wangu. Miaka imepita na bado nikikumbuka kifua kinanibana. Jibu lake ni hili ninaloandika leo. Binti yangu yuko chuo kikuu, mwaka wa tatu.

Turudi kwa swali. Kijana wangu anaamini mwizi anaogopa bastola. Mwizi wa Nairobi anaitamani bastola. Kwake hiyo ni mtaji wa kazi, na ni bidhaa adimu ambayo yeye hawezi kuinunua dukani. Askari wenye sare, wenye mafunzo na redio mkononi, wamewahi kuvamiwa katika mji huu ili wanyang'anywe silaha. Wewe uliye peke yako, umebeba mfuko wa simu mkono mmoja na funguo mkono wa pili, unadhani utaachwa? Ukiiweka nje umemwambia mambo mawili: ulicho nacho, na mahali kilipo. Atakachofanya ni kuja kwa nyuma.

Halafu kuna wale ambao si wezi. Nairobi mtu asiye na sare akionekana na bastola, watu wanajua ama ni askari kanzu ama ni jambazi, na siku hizi wote wawili hawapendwi. Katika maandamano ya Juni 2024 watu waliovaa kiraia walionekana katikati ya jiji wakiwa na bastola mkononi, na hasira ya vijana juu ya jambo hilo haijapoa. Wewe ukatize Moi Avenue siku ya vurugu na kitu kinaning'inia kiunoni, nani atasubiri umwonyeshe kadi ya leseni?

Na sisi wenye kofia na ndevu tuna la ziada. Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipoingia Westgate, miongoni mwa waliokimbilia ndani kuokoa watu walikuwa raia wenye leseni na bastola zao. Abdul Haji, ambaye leo ni seneta wa Garissa, alikuwa mmoja wao. Picha yake na yule msichana mdogo anayemkimbilia ilizunguka dunia nzima. Ni Mwislamu, ni Msomali, ana bastola, na yuko ndani ya jengo ambamo watu 67 waliuawa. Namheshimu sana, na kila nikiiangalia picha ile nawaza ni mara ngapi saa zile angeweza kudhaniwa mmoja wa magaidi. Sisemi ovyo. Siku hiyohiyo polisi wa kikosi cha Recce na wanajeshi walipigana risasi wenyewe kwa wenyewe kwa kutotambuana, na afisa wa polisi akapoteza maisha. Kama wao walishindwa kutambuana, mimi na wewe ni nani?

Sasa Texas ya binamu. Ni kweli, tangu Januari 1, 2016 mwenye leseni Texas anaruhusiwa kuvaa bastola wazi, ikiwa kwenye mkoba maalumu wa bastola, na tangu Septemba 1, 2021 mtu wa miaka 21 au zaidi asiyekatazwa na sheria hahitaji hata leseni. Lakini mwulize binamu pia kuhusu mabango. Huko mwenye duka anaweza kubandika tangazo mlangoni la kukataza bastola zilizofichwa, na jingine la peke yake la kukataza zilizo wazi. Na mwulize kuhusu Dallas, hukohuko Texas, Julai 7, 2016. Kulikuwa na maandamano, na baadhi ya waandamanaji walibeba bunduki wazi kama sheria yao inavyoruhusu. Mtu mmoja akaanza kuwapiga risasi polisi, akaua watano. Katika ule mkanganyiko, polisi walisambaza picha ya mwandamanaji mmoja mweusi mwenye bunduki begani wakisema ndiye mshukiwa. Hakuwa na hatia yoyote. Alikuwa ameshaikabidhi bunduki yake kwa askari, ilhali uso wake unazunguka nchi nzima. Hiyo ni Marekani, ambako kubeba wazi ni mazoea. Hapa kwetu hata hayo mazoea hayapo.

Basi, kuficha. Kuficha ni kazi, na wengi wanadhani wameficha kumbe mtaa mzima unaona. Shati la kuchomeka halifai. Fulana inayobana haifai. Vaa shati pana la mikono mifupi lisilochomekwa, lenye maua au mistari, kwa sababu kitambaa cha rangi moja kinachora umbo la kitako. Nunua mkanda wa ngozi nene. Mkoba wa bastola uwe mgumu na ufunike kifyatulio chote, na usithubutu kuiingiza kiunoni bila mkoba. Na acha kuigusagusa! Anayejua kutazama hatafuti bastola, anatafuta mkono unaorudi kiunoni kila baada ya hatua chache.

Msikitini ndiko nilikojifunzia mengi. Ukienda rukuu shati linapanda mgongoni, na aliye safu ya nyuma anaona kila kitu. Niliwahi kumwona kaka mmoja, mtu mzito wa mtaani, akisujudu na kitako cheusi kimetokeza juu ya suruali, na mtoto nyuma yake amekodoa macho, swala yote imempotea. Mimi Ijumaa naifungia kwenye sefu ya duka kabla ya adhana, navaa kanzu, naenda mikono mitupu. Kanzu inaficha vizuri, lakini ukihitaji kuifikia bastola utapambana na kitambaa mpaka magotini.

Kwenye maduka makubwa, kile kifaa cha bawabu kitalia kikifika kiunoni. Usingoje kilie. Msogelee kabla, mwambie kwa sauti ya chini kwamba una silaha na una leseni, mwonyeshe kadi, mikono ikionekana. Wengine watakupitisha, wengine watakataa. Ukikataliwa ondoka, usijadiliane naye mbele ya foleni, na usiiache garini.

Na hapa nitawakera baadhi yenu. Ukinywa pombe, leseni hii haikufai. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inaruhusu cheti kufutwa kwa mtu wa tabia ya ulevi, au asiye na akili timamu, au asiyefaa kukabidhiwa silaha kwa sababu nyingine yoyote. Januari 2020 mcheza santuri wa kilabu kimoja Kilimani alipigwa risasi ya shingo, na sote tuliona picha zile za kamera. Mwaka mmoja kabla ya hapo, serikali ilikuwa imetuamuru sote tujitokeze tukaguliwe upya, na nakumbuka watu walivyonung'unika kwenye foleni. Mimi sikunung'unika. Mwenye kuonyesha bastola baa, mwenye kupiga meza nayo akigombania maegesho, ndiye atakayetufanya sote tunyang'anywe. Jirani yangu wa duka alimwinulia shati dereva wa matatu aliyemkwaruza gari, amwonyeshe tu. Dereva alirudi na wenzake na askari, na jirani akalala kituoni. Bastola yake ilichukuliwa na hajarudishiwa.

Kijana wangu, umesema mafunzo uliyopata yalikuwa ya kulenga ukiwa umesimama tu. Hayatoshi. Nenda Kirigiti kule Kiambu, kwenye uwanja wa shabaha, ufanye mazoezi ya kuitoa chini ya shati lilelile unalovaa kazini, kwanza bila risasi, na mkufunzi akiwa pembeni. Nenda asubuhi. Mchana kunajaa, na mkufunzi hatakuwa na muda wako.