Anaporudi Ndipo Ninaponuna: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Tiba ya Mfungamano

SWALI: Nina umri wa miaka 34 na nimeolewa na mume mpole ambaye hajanikosea jambo kubwa. Hata hivyo, kila anaposafiri kikazi, hata kwa siku mbili, ninabadilika. Simu yake ikiita, ninaitazama mpaka inakatika, kisha ninailaza kifudifudi mezani na kuendelea kusuuza vyombo ambavyo vimekwisha takata. Akirudi ninamnunia siku tatu, ninamjibu kwa mkato, na huku moyoni ninatamani aniulize nina nini. Nilipokuwa na miaka mitatu nilipelekwa kulelewa na bibi. Mama alikuwa akija kunitazama na kuondoka nikiwa usingizini, kwa kuwa wakubwa waliona kuniaga kungeniliza. Rafiki yangu amenishauri nitafute mtaalamu wa tiba ya mfungamano, lakini sielewi tiba hiyo ni nini wala nitamtambuaje anayenifaa.

JIBU: Dada mpendwa, katika barua yako mna jambo moja ambalo ningependa uende nalo siku ya kwanza utakapoketi na mtaalamu, nalo ni kule kumnunia mumeo akirudi. Wengi wenye hofu ya kuachwa hueleza uchungu wa kuondokewa. Wewe umetambua kwamba fundo linakaza zaidi pale anapoingia mlangoni, na huko hasa ndiko wanaochunguza mfungamano hutazama.

Mfungamano ni uhusiano wa kihisia anaoujenga mtoto kwa yule anayemkimbilia akiogopa, akiumwa au akichoka. Daktari wa akili Mwingereza, John Bowlby, aliyeishi kati ya 1907 na 1990, alishikilia kwamba mtoto hamng'ang'anii mlezi kwa sababu ya kulishwa tu, bali amezaliwa na haja ya kuwa karibu na mtu wa kumlinda, na kwamba kutokana na jinsi haja hiyo inavyoitikiwa hujifunza atarajie nini kwa wanadamu wengine. Mwenzake Mary Ainsworth aliyapima mawazo hayo kwa macho yake mwenyewe: katika miaka ya 1954 na 1955 alikuwa Uganda, akizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala na kuwaangalia akina mama na watoto wao wachanga. Baadaye, huko Baltimore nchini Marekani, alibuni jaribio la dakika 20 hivi ambamo mama wa mtoto wa mwaka mmoja hutoka chumbani kwa muda mfupi na kurejea. Kinachoangaliwa zaidi si kilio cha mtoto aliyeachwa, bali namna anavyompokea mama anaporudi. Wapo wanaomkimbilia, wakatulia na kurudia michezo yao. Wapo wanaong'ang'ania huku wakimpiga kwa hasira. Na wapo wanaogeuza uso na kuendelea kushika kitu cha kuchezea kana kwamba hakuna aliyeingia. Hao wa mwisho huonekana watulivu, lakini watafiti waliowapima mapigo ya moyo walikuta moyo unakwenda mbio. Niliposoma kuhusu vyombo vyako vilivyotakata, niliwakumbuka watoto hao.

Sisemi hivyo ili nikupe jina la ugonjwa. Mitindo hiyo ni njia ambazo mtoto alizibuni ili aishi na walezi aliokuwa nao, na mtu mzima aweza kuwa na mtindo mmoja kwa mumewe na mwingine kwa dada yake. Wala usiharakishe kumhukumu mama yako au kumsahau bibi, kwa sababu mtoto hufungamana na walezi zaidi ya mmoja, na huenda kwa bibi ndiko ulikopata utulivu ulio nao leo. Katika usaili wa watu wazima uliobuniwa mwaka 1985 kuchunguza habari za utotoni, kinachopewa uzito ni jinsi mtu anavyoyasimulia yaliyompata, kwa uwazi na mtiririko, bila kuyapamba wala kuzama ndani yake, kuliko ukubwa wa mkasa wenyewe. Wapo waliopitia utoto mgumu ambao leo wanausimulia hivyo, na hapo ndipo tiba inapopata nafasi.

Sasa nije kwenye tiba yenyewe. Si mbinu moja yenye hatua zilizoandikwa, bali ni familia ya njia zinazokubaliana kwamba mtaalamu anapaswa kuwa kwako kituo salama, mahali pa kusimama ili uyatazame yale ambayo peke yako huyawezi. Kwa wanandoa ipo tiba inayolenga hisia, iliyoanzishwa na Sue Johnson na Leslie Greenberg katika miaka ya 1980, ambayo wewe na mumeo mngeweza kuifikiria baadaye. Ukianza peke yako, sehemu kubwa ya kazi itafanyika ndani ya uhusiano wako na mtaalamu. Tuseme anakwenda likizo ya wiki mbili, na anaporejea wewe unaghairi kikao kwa kisingizio cha mafua. Mshauri wa kawaida atapanga tarehe nyingine. Anayeijua kazi hii atakuuliza kwa upole, bila kukulaumu, kama kuna kitu kilichokuumiza alipoondoka, kisha atavumilia kimya chako na hata hasira yako bila kujitetea. Ukiona kwamba ulinuna na hukufukuzwa, kwamba ulisema na ukasikilizwa, umepata jambo ambalo maelezo matupu hayawezi kukupa. Kazi hii huchukua miezi, na kwa baadhi ya watu miaka, kwa sababu ni lazima jambo hilo lirudiwe mara nyingi kabla moyo haujaliamini.

Kwa hiyo unapotafuta mtu, hakikisha kwanza kwamba amesomea saikolojia au ushauri nasaha na ana kibali cha kazi pale ambapo sheria inakidai. Cheti cha semina ya siku mbili chenye neno "mfungamano" hakitoshi. Kisha uliza maswali yanayoonyesha tabia yake: nani anaisimamia kazi yake, huwaandaaje wateja anapokwenda likizo, na hufanya nini mteja anapomkasirikia. Swali hilo la mwisho nalithamini kuliko yote. Anayesema kwamba hajawahi kukasirikiwa, ama hasikii, ama hasemi kweli. Mpe vikao vitatu au vinne, maana kwa mtu wa historia yako hamu ya kukimbia itakuja mapema hata mbele ya mtaalamu mzuri, na ni vyema umwambie hamu hiyo kabla hujaitii. Lakini ondoka mara moja ukiona anakutaka urafiki nje ya vikao, anakushinikiza uvunje uhusiano na mama yako, au anakuahidi kupona kwa tarehe fulani.

SWALI: Mimi na mke wangu tumemwasili mtoto wa miaka sita ambaye hakubali kukumbatiwa. Mtu anayejiita mtaalamu wa mfungamano anasema dawa ni kumshika kwa nguvu mpaka aache kupigana. Je, ni sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, si sahihi, na nakusihi usikubali. Kumshikilia mtoto kwa nguvu kumebeba jina la mfungamano bila haki, kwa kuwa kunamfundisha kwamba mkubwa ndiye tishio. Mwaka 2000, katika jimbo la Colorado, Marekani, msichana wa miaka 10 aliyekuwa ameasiliwa alikufa baada ya kufungwa ndani ya shuka na kugandamizwa kwa mito katika kikao kilichodaiwa kumfanya azaliwe upya kwa mama yake mpya. Alilia kwamba hawezi kupumua, na hakuachiliwa. Mwaka 2006 jopo la wataalamu wa Marekani wanaoshughulikia ukatili dhidi ya watoto lilipinga waziwazi mbinu za kuwashikilia watoto kwa lazima.

Msaada wa kweli kwa mtoto wa umri huo huwahusisha ninyi wazazi mkiwa chumbani pamoja naye. Mtaalamu huwatazama mkicheza, pengine huwarekodi kwa video, kisha huwaonyesha ile sekunde ambayo mtoto alisogea karibu nanyi mkaikosa. Kabla ya kikao chochote kingine, muulize huyo mtu atafanya nini mtoto akisema "niache". Jibu lolote lisilokuwa kumwachilia papo hapo latosha kukufanya umchukue mwanao mrudi nyumbani.