Maswali ya Wasomaji: Wastaafu Safarini kwa Gari-Nyumba, Watoto Njiani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tumestaafu. Tumeuza gari letu dogo, tumenunua gari-nyumba lililotumika, na tunataka kuzunguka kwa miezi kadhaa tukiwapitia watoto wetu watatu na dada yangu mkubwa. Kila mtoto anasema, "Njooni mkae mpendavyo." Mke wangu anahofia kwamba tutakuwa mzigo, na ananikumbusha yule mgeni anayepewa jembe siku ya tatu. Mimi naona kwamba, kwa kuwa tunalala ndani ya gari letu wenyewe, hatumsumbui mtu. Nani kati yetu ana haki, na tupange vipi muda wa kukaa kila mahali?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na mama umfikishie heshima zangu. Hofu yake ina msingi. Gari-nyumba huwaondolea wenyeji kazi ya kutandika vitanda na kupisha chumba, lakini haliwaondolei hali ya kuwa na wageni. Mwanao anaporudi kutoka kazini na kuliona gari la wazazi wake limeegeshwa uani, hawezi kupitiliza ndani akala na kulala kana kwamba hampo. Atagonga mlango wenu, atawauliza mmeshindaje, na mkewe ataongeza maji katika sufuria hata kama mlimwambia asubuhi kwamba mtajipikia. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, na huchoka kwa mapenzi hayohayo bila kusema.

Kwa hiyo, mnapowaarifu siku ya kufika, waarifuni papo hapo na siku ya kuondoka. "Njooni mkae mpendavyo" ni kauli ya upendo, ila haimpi mwenyeji wala mgeni kitu cha kupangia. Mkisema, "Tungependa kufika Ijumaa jioni na kuondoka Jumanne asubuhi, je, siku hizo zinawafaa?" mkwe wenu anapata nafasi ya kueleza kwamba wiki hiyo ana zamu za usiku, au kwamba watoto wana mitihani, bila kuonekana anawafukuza. Siku ya kuagana ikifika, msiirefushe ziara kwa sababu tu mmebembelezwa mlangoni. Ni afadhali mpite nyumba ileile mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, kwa siku chache kila mara, kuliko kukaa wiki tatu mfululizo hadi mazungumzo yakakauka. Hapo ndipo gari-nyumba linapofaa kweli, kwa kuwa njia ya kurudi ni yenu na kitanda mnacho.

Msijilazimishe kuwagawia watoto siku sawasawa. Dada yako, ikiwa anaishi peke yake, huenda akafurahia wiki nzima ya maongezi, ilhali nyumba yenye mtoto mchanga huenda ikawataka siku mbili tu, au ikawaomba mwezi mzima wa mikono ya bibi, na hilo mtalijua kwa kuuliza, si kwa kukisia. Kati ya nyumba na nyumba, jiwekeeni siku moja au mbili za kuwa peke yenu, mfue nguo, mlale mchana, mlisafishe gari. Wazazi wanaofika wamechoka, wana mfuko wa nguo chafu na madumu matupu ya maji, huanza ziara kwa kuomba, nayo si namna njema ya kusalimiana na wajukuu.

Kuhusu kulala, mwenyeji anaweza kuona kwamba mmekidharau chumba alichowaandalia. Mwelezeni mapema, kabla hajatandika, kwamba mnaamka usiku kwenda chooni, kwamba dawa zenu ziko kabatini mwenu, kwamba mgongo wa baba umezoea godoro lake. Sababu ikijulikana mapema haimuumizi mtu.

Lipo jambo ninalolisisitiza kuliko yote hayo. Mnapotoka nyumba moja na kuingia nyingine, mnakuwa watu pekee katika ukoo walioona maisha ya wote kwa karibu ndani ya muda mfupi. Mtaulizwa: kaka anaendeleaje, shemeji bado hana kazi, wale wawili wanapatana? Semeni yale ambayo mwenye nyumba angeyasema mwenyewe kwa simu, na mengine yaacheni mlikoyaona. Nimesoma barua nyingi za ndugu waliokosana, na mara nyingi ugomvi ulianza na neno dogo lililosafirishwa na mzazi asiye na nia mbaya hata kidogo.

SWALI: Kijana wetu ametuambia tuegeshe uani kwake, tuchomeke umeme kwenye soketi ya gereji, na tutumie maji yake. Kuna la kuangalia zaidi ya kumshukuru?

JIBU: Lipo, na linaanzia getini. Sehemu ya nyuma ya magari-nyumba mengi hutokeza mbali nje ya magurudumu ya nyuma. Dereva anapokata usukani kwenda kulia, kona ya nyuma husogea kwanza upande wa kushoto. Nguzo ya geti hupita salama mbele ya macho yake, naye akiamini kwamba yameisha, kona ile hugonga nguzo ya upande wa pili. Mmoja wenu ashuke, asimame mahali anapoonekana kwenye kioo cha pembeni, na mkubaliane mapema ishara moja tu ya mkono yenye maana ya "simama". Urefu wa gari kwenda juu, pamoja na antena na vifuniko vya paa, uandikeni kwenye karatasi na kuibandika mbele ya dereva, maana matawi ya miti na nyaya za simu huwa chini kuliko mtu anavyodhani.

Soketi ya nyumbani haikukusudiwa kulisha nyumba nyingine. Penye umeme wa volti 230, soketi ya ampea 10 hutoa takriban wati 2,300, na birika moja la umeme laweza kuzitumia karibu zote. Hivyo hita, birika na kiyoyozi visiwashwe kwa pamoja. Kama waya wenu wa kuongezea uko kwenye rola, utandueni wote hata kama mnahitaji mita tano tu, kwa sababu waya uliobaki umezungushwa hushika joto, na mikunjo ya ndani yaweza kuyeyuka huku ile ya nje ikiwa baridi mkononi. Baada ya nusu saa, gusa plagi. Ikiwa ya moto, zima kitu kimoja.

Choo ndicho kinachowatia watu haya, kwa hiyo nakisema wazi. Tangi dogo linalochomolewa chini ya choo huwa na lita 17 hadi 20, na kwa watu wawili hujaa kwa siku mbili au tatu. Yaliyomo yasimwagwe kamwe kwenye mfereji wa maji ya mvua, ambao mara nyingi huishia mtoni bila kusafishwa. Kama nyumba ya kijana ina karo lake, yaani shimo la maji taka, dawa za choo zenye formaldehidi zitaua bakteria wanaolifanya karo lifanye kazi, naye ndiye atakayebaki na harufu mkishaondoka. Nunueni dawa ambayo lebo yake inasema haidhuru karo. Maji ya kuoshea vyombo nayo yaingizwe panapopita maji machafu ya nyumba.

Wajukuu watataka kulala garini, nanyi wakubalieni, gari likiwa limesimama. Kabla ya usiku huo, hakikisheni king'ora cha kaboni monoksidi kinalia mnapokijaribu, kwa kuwa hewa hiyo ya sumu, itokayo kwenye moto usioungua vizuri, haina rangi wala harufu. Matundu ya hewa yasizibwe kwa blanketi au mabegi hata kukiwa na baridi, na yale ya sakafuni ndiyo hasa ya kulindwa, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutulia chini. Jiko lisiwashwe kwa ajili ya kupasha chumba joto.

SWALI: Kila nyumba tunayopita inatupa mizigo ya kupeleka kwa nyumba inayofuata. Mume wangu anasema gari ni kubwa, litabeba. Nina wasiwasi.

JIBU: Wasiwasi wako ni wa haki, mama. Ukubwa wa gari si kipimo cha uwezo wake. Kila gari-nyumba lina uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye kibati chake na kwenye hati, na tofauti kati ya uzito huo na uzito wa gari lenyewe ndiyo yote mliyo nayo kwa ajili ya watu, maji, gesi, vyombo na zawadi. Tangi la maji la lita 100 likijaa ni kilo 100. Katika nchi nyingi za Ulaya leseni ya kawaida ya gari dogo hukomea kilo 3,500, na watengenezaji wengi hujenga magari hadi karibu kabisa na kikomo hicho, kiasi kwamba wazee wawili, baiskeli mbili na tangi lililojaa hubakiza nafasi ndogo mno.

Lipelekeni gari kwenye mizani likiwa limepakiwa kama mnavyosafiri, nanyi mkiwa ndani, na kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ipimwe peke yake. Mzigo mzito uliowekwa nyuma kabisa huinyanyua ekseli ya mbele, na usukani huwa mwepesi kuliko inavyofaa. Tazameni na matairi. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Matairi ya magari haya huzeeka yakiwa bado na meno mazuri, kwa kuwa husimama muda mrefu.

Kwa ndugu, semeni kwamba mnabeba kinachotosha kwenye kapu moja. Meza ya mvule ya marehemu bibi isafiri kwa lori.

SWALI: Mimi natumia insulini na mke wangu ana vidonge vya shinikizo la damu. Tuzingatie nini?

JIBU: Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Friji nyingi za gari-nyumba zinazotumia gesi hazipozi vizuri gari likisimama mahali palipoinama, kwa hiyo weka kipimajoto kidogo ndani yake na ukisome kila asubuhi. Kalamu ya insulini unayoitumia huweza kukaa nje ya friji, mahali pasipo na joto kali, kwa takriban wiki nne, kwa kufuata karatasi ya dawa yako. Usiiache kamwe mbele ya kioo cha dereva.

Ikiwa vidonge vya mama vya shinikizo la damu ni vya aina inayoongeza mkojo, asiviruke ili tu msisimame njiani. Choo mnacho, simameni. Kukaa safarini kwa zaidi ya saa 4 huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu, hivyo shukeni mtembee angalau kila baada ya saa mbili. Orodha ya dawa zenu iandikwe kwa majina ya dawa yenyewe, si ya kibiashara tu, na nakala yake aachiwe mtoto mmoja.

SWALI: Baba yetu ana miaka 74 na ndiye dereva pekee. Tumzuie?

JIBU: Umri peke yake hautoshi kumzuia mtu. Panda naye kwa siku nzima, ukae kimya, utazame. Je, anahama mstari bila kujua, anachelewa kuona alama, anashindwa kugeuza shingo kwenye makutano, ana mikwaruzo mipya asiyoweza kuieleza? Mwombeni apimwe macho kabla ya safari, na mkubaliane naye kwamba hataendesha usiku, kwa sababu jicho la uzeeni hupitisha mwanga kidogo na hukawia kurudi katika hali yake baada ya kupigwa na taa za gari linalokuja. Hata akifaulu yote hayo, safari yenye dereva mmoja itasimama siku atakayougua homa mbali na kwenu sote. Muulizeni mama kama yuko tayari kujifunza kuliendesha na kulirudisha nyuma gari hilo, na kama hayuko, chagueni miongoni mwenu atakayekwenda kuwachukua.