Nauli ya 100 mara 2 inapokuwa 100100

Ndugu, umeeleza kwamba programu yako ya nauli ya matatu ya Rongai, ukiiandikia 100 na kuizidisha mara 2, inakupa 100100 badala ya 200. Katika Python 3, lugha ya kuandikia programu, input (amri inayopokea anachoandika mtumiaji) hurudisha maandishi daima, hata mtumiaji anapoandika tarakimu tupu, na maandishi yakizidishwa hurudiwa tu. Ili int iyageuze maandishi hayo kuwa nambari kamili, andika int(input("Nauli: ")). Hata hivyo, abiria akiandika "mia", au akibonyeza Enter bila kuandika kitu, programu itakatika kwa kosa la ValueError; kwa hiyo weka mstari huo ndani ya try (sehemu ya kujaribu msimbo unaoweza kukosea), ulinase kosa kwa except ValueError, kisha urudie swali kwa kitanzi cha while mpaka upate nambari isiyo hasi. Tafadhali usitumie amri ya eval badala ya int hata ukishauriwa, kwani huendesha msimbo wowote atakaouandika mtumiaji, ukiwemo wa kufuta faili zako.