Maswali ya Wasomaji: Je, Hewa ya Ukaa Huipunguzia Mimea ya Jangwani Kiu?

SWALI: Mhariri, nilisikia redioni kwamba kadiri hewa ya ukaa inavyoongezeka angani, ndivyo mimea ya jangwani inavyohitaji maji machache. Naishi Nairobi, lakini wazazi wangu wanafuga ng'ombe na mbuzi Turkana, hivyo jambo hili linanigusa. Je, ni kweli?
Msomaji, Kariobangi

JIBU: Ndugu msomaji, ulichosikia ni kweli kwa jani, ila si kweli kwa jangwa zima.

Jani lina vitundu vidogo mno ambavyo huingiza hewa ya ukaa, chakula cha mmea, na kupitia vitundu hivyo hivyo maji hutoka kama mvuke. Ukitaka kuyaona, ingiza kitawi chenye majani mabichi ndani ya chupa kavu ya kioo wakati wa jua, uzibe mdomo kwa kitambaa, na baada ya muda utaona matone yamejipanga ndani ya kioo. Kabla ya enzi za viwanda hewa ya ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila milioni ya hewa. Sasa imepita 420. Kwa kuwa imekuwa nyingi, mimea mingi hufumba vitundu kiasi na bado ikashiba, na maji yanayopotea hupungua.

Jambo hili limepimwa jangwani kwenyewe. Katika jangwa la Mojave, jimbo la Nevada nchini Marekani, kuanzia 1997 hadi 2007 watafiti walivipulizia vichaka hewa ya ukaa hadi takriban sehemu 550 katika milioni. Mwaka wa mvua nyingi mimea ilistawi sana, hasa nyasi ya kigeni ambayo ikikauka hushika moto upesi. Miaka ya ukame, tofauti karibu haikuonekana, na mwishoni vichaka vilivyopuliziwa havikuwa vimewashinda wenzao kwa ukubwa. Naona hapo ndipo penye jibu lako, kwa sababu ardhi ikishakauka vitundu huwa vimefumbwa tayari, na mmea hauwezi kubana matumizi ya maji ambayo haukuyapata. Joto nalo, ambalo huongezwa na hewa hiyo hiyo, hukausha udongo ulio wazi kati ya kichaka na kichaka.

Kuhusu mifugo, nina wasiwasi zaidi. Nyasi nyingi za nyanda kavu zetu tayari zina namna ya kuikusanya hewa ya ukaa ndani ya jani, hivyo ziada haizikuzi sana. Miti kama mgunga na mathenge haina uwezo huo, na kwa hiyo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kunufaika mvua ikinyesha. Mathenge wazazi wako wanaujua, kwani umeshazingira kingo za mto Turkwel. Pale unaposongamana, nyasi za ng'ombe hupungua hata kama kwa mbali nchi inaonekana kijani.