Hofu ya The Shining haitoki gizani

Kinachotisha kwenye filamu ya The Shining si giza wala makelele ya ghafla. Hoteli ya filamu hiyo ya 1980 ina mwanga karibu muda wote, na hapo ndipo mwongozaji wake, Stanley Kubrick, anapokubana: unaona kila kitu na bado huna amani.

Kazi kubwa inafanywa na kamera. Tazama mtoto Danny anavyozunguka ukumbini na baiskeli yake ya magurudumu matatu. Kamera iko nyuma yake, chini kabisa karibu na sakafu, inateleza bila kutikisika na haikati. Kila kona anayokata, wewe ndiye unayeogopa kilichoko mbele, maana huwezi kuona zaidi yake. Halafu sikiliza: magurudumu yakipita kwenye mbao yananguruma, yakiingia kwenye zulia kimya, kisha mbao tena. Sikio linaanza kungojea jambo ambalo picha haijaonyesha. Kwangu mimi hiyo sauti inatisha kuliko damu yote inayomwagika kutoka kwenye lifti ya hoteli.

Garrett Brown, aliyebuni Steadicam (kifaa cha kubebea kamera ili isitikisike) na kuiendesha mwenyewe kwenye filamu hiyo, alieleza katika jarida la American Cinematographer mwaka huohuo wa 1980 kwamba kwa picha hizo za baiskeli walitumia kiti cha magurudumu.

Muziki nao, wa watunzi Penderecki, Ligeti na Bartók, unapandisha wasiwasi hata pale ambapo hakuna tukio lolote.

Kushtuliwa ghafla kupo, mfano lile pigo la shoka ukumbini, ila ni mara chache sana.