Kijana anashika simu akiendesha? Anza na anayempigia

Mkuu umeuliza ufanyeje na kijana wako, leseni ina miezi minne tu na kila ukipanda nae simu iko mkononi, umemsema mpaka umechoka. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Nilikua dereva wa IT (in transit, magari yanayopita kwenda nchi jirani), natoa magari bandarini Dar napeleka Tunduma, nilianza na miaka 23 na kichwa kigumu kama hawa hawa wa sasa. Safari moja jua limeshazama, nimeipita Mafinga, ajenti ananipigia kila nusu saa "umefika wapi", nisipopokea anatuma meseji, nikasema ngoja nimjibu huyu bwana aniache, ndo naandika "naikaribia Makambako" nikasikia chwaaa chini ya gari. Matawi! Wazee wa barabara wanajua, lori likizima njiani tingo anakata matawi anayapanga nyuma kwa mbali. Kuinua macho fuso hiyo hapo, haina hata taa, nikakata kulia bila kujua kama kuna gari inakuja, Mungu saidia hakukua na kitu, saitimira ya kushoto ikabaki pale pale kwenye bodi la fuso. Na ile saitimira nikakatwa kwenye posho, aliyenikata ni yuleyule aliyekua anapiga.

Toka siku ile nikawa nawaza, mbona dereva tunamsema yeye tu? Upande wa pili wa ile simu kuna mtu, na kwa madogo wetu mara nyingi ni sie wenyewe. Unajua kabisa dogo yuko Morogoro road na gari yako, unapiga mara tatu, asipopokea unafoka akirudi, halafu jioni unamhubiria simu na usukani.

Mpwa wangu alipopata leseni picha za ajali nilimtumia sana, hazikusaidia kitu, wanazizoea na wanaforwadi (wengine wakiwa hapo hapo kwenye usukani, niamini). Kilichomuingia ni hiki. Nilimuweka siti ya abiria naendesha mie, spidi 50 ile ile ya vijijini, nikamwambia fumba macho uhesabu mpaka tano polepole. Kafika tatu kafumbua, kashika dashibodi. Nikampigia hesabu, kwa 50 gari inakula karibu mita 14 kila sekunde, yani ile tano ni mita 70, na meseji moja huisomi na kuijibu kwa sekunde tano. Kwa 80 tano hiyo hiyo ni zaidi ya uwanja mzima wa mpira. Alikaa kimya mpaka Kibaha. Ila usije ukamwambia afumbe akiwa yeye ndo anaendesha, maana humu kuna watu...

Baada ya hapo tukawekeana utaratibu, anapiga kabla hajawasha gari na anapiga akishafika, katikati hapo hakuna mtu kumtafuta. Simu inakaa kwenye begi siti ya nyuma, ramani anaiangalia kabla ya kutoka. Simu nyingi sasa hivi zina mipangilio ya kuzima mlio ukiwa unaendesha, iPhone inaweza hata kumjibu mtu yenyewe kwamba uko barabarani, mwekee leo leo. Atakwambia natumia iafoni mikono iko huru, hapo usikubali kirahisi, shirika la afya duniani WHO lenyewe linasema hizo sio salama zaidi kihivyo, anayeshughulika ni kichwa, mkono unafata tu.

Kama anafanya Bolt hapo ni kesi nyingine, simu ndo kazi yake, basi iwe kwenye holda na abiria akichati "upo wapi" ajibu akishasimama pembeni.

Mpwa wangu sasa mwaka wa pili yuko vizuri. Tatizo limebaki kwa dada yangu, mama yake, yule bado anapiga tu, juzi dogo hajapokea akanipigia mimi, na mimi nilikua naendesha.