Mgongo mbovu na kazi ya trela

Pole ndugu yangu. Umesema daktari amekukataza kubeba zaidi ya kilo 10 tangu uumie mgongo, na unataka kuanza kuendesha trela. Inawezekana, ila chagua mzigo. Kontena ndo nzuri kwako, linakuja limeshafungwa kwa sili (muhuri wa mlango) kutoka Mombasa, hakuna kufunga turubai wala kamba. Tanka nayo hubebi, lakini utapanda ngazi hadi juu, uliza daktari kwanza. Mizigo ya wazi, mbao, vyuma, achana nayo kabisa.

Shida yenyewe ni kukaa bwana. Mombasa mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, na foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ikikushika unakaa kwa kabini, mgongo unawaka, mi huwa nashuka natembea kila nikipata nafasi. Na tairi! Tanboi, yaani msaidizi wa dereva, anasaidia sawa, lakini pancha ikitokea usiku utainama tu, kwa hiyo mwambie bosi ukweli kabla hujashika usukani, usifiche, akikukataa bora akukatae mapema.

Pamiti, yaani leseni ya udereva ya Uganda, anza na CM (malori ya kati) ndo uende CH (malori makubwa). Safari fupi za kati ya Jinja na Kampala zitaupima mgongo wako vizuri.